Mwasmini Gani Huu Wenye Maziwa?

Miaka kumi na sita nje, na kilichonishtua si treni mpya ya Miritini wala bei ya mahamri. Ni maua. Hapa Mombasa, kuanzia Kizingo hadi Nyali, kila geti lina kichaka cha majani ya kung'aa na maua meupe, na ukiuliza, awe mwenye nyumba, bawabu au muuza miche, jibu ni moja: "Asmini hiyo." Asmini! Magharibi imeingia, kichaka kimejaa maua, na pua haipati kitu.

Chuma jani moja penye kifundo. Likitoa utomvu mweupe kama tui zito, maneno yamekwisha. Mwasmini hauna maziwa. Mti huu ni wa ukoo wa oleanda (kichaka kingine cha mapambo), kitaalamu Tabernaemontana divaricata, na Wahindi wetu huuita chandni. Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya kitaalamu, mwaka 1753 aliuweka jenasi moja na oleanda, yaani kundi la karibu zaidi ndani ya ukoo. Alikosea, lakini angalau hakuuita mwasmini.

Kama jani ni la watu na huwezi kulichuma, tazama ua. Petali za chandni ni tano, zimepinda zote upande mmoja kama pangaboi, na kingo zake zina mikunjo. Kuna aina ya petali nyingi zilizorundikana. Hiyo ndiyo inayodanganya, kwani kwa mbali utaapa ni asmini nene. Basi shuka kwenye shina. Mwasmini hulegea, hutambaa, hutaka ukuta au fito za kuegemea. Chandni husimama wenyewe, matawi yakigawanyika mawili mawili, na hufika mita mbili. Harufu inayo, ila hafifu, na huja usiku watu wakishalala. Wahindi huyatunga maua yake mashada ya ibada na uzuri wake wanaujua. Lakini nani atafunga kikuba, kile kishada cha kujinukishia, kwa ua hili, aliweke karibu na mlangilangi na rehani, kisha aseme amenukia?

Haya, mshaupenda. Basi uzalisheni vizuri, maana hata hilo naona linaharibiwa.

Aina ya petali nyingi kwa kawaida haikupi mbegu, kwa hivyo ni vipando tu. Kata wakati wa kusi, mwezi wa 5 hadi wa 7. Upepo mkavu wa kaskazi utavikausha kabla havijashika. Chagua tawi lisilo na ua, lililokomaa nusu: kijani kinaanza kuingia ukahawia, na ukilipinda halivunjiki upesi. Urefu sentimita 10 hadi 15, vifundo vitatu au vinne, mkato uwe chini tu ya kifundo. Ondoa majani ya chini, bakisha mawili ya juu, nayo uyakate nusu. Sasa lile wanaloliruka wengi: tumbukiza ncha iliyokatwa kwenye maji mpaka maziwa yakome, dakika 10 au 15, kisha ipanguse. Utomvu ukikaukia pale huuziba mkato. Usijishike macho, na mabaki usiwaachie mbuzi. Mti huu una sumu.

Mchanga uwe wa mto, sehemu mbili, na makumbi ya nazi yaliyosagwa sehemu moja. Mchanga wa pwani una chumvi, na makumbi pia yaloweke na kuyasuuza. Maji ya visima vingi vya kisiwani ni ya chumvi, tumia ya mvua. Funika kwa chupa iliyokatwa kitako, weka kivulini. Mizizi huja wiki ya 4 hadi ya 8. Jani jipya si ushahidi. Vuta kidogo, kikikataa kutoka kimeshika. Kitako kikiwa cheusi, umezidisha maji.

Ukihamishia ardhini, majani yakageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, ni udongo wetu wa matumbawe: chokaa kinauzuia mmea kupata chuma. Weka samadi iliyooza na majani makavu. Jivu, ambalo naona linamwagwa kila shina, linazidisha ubaya ule ule.

Anayetaka mwasmini wenyewe kazi yake ni nyepesi zaidi. Inamisha tawi la chini, likwangue ganda upande wa chini penye kifundo, lizike kina cha vidole vitatu, ligandamize kwa jiwe, ncha ibaki nje. Udongo usikauke. Baada ya miezi miwili hivi fukua. Ukiona mizizi, kata uhamishe. Na tawi la kuzika lichague jioni, tumba zinapofunguka, ili pua ikuhakikishie unachokizika.