Aya nne za kutizama pande zote

Assalaam alaykum warahmatullah ndugu zangu. Wiki hii nataka tuzungumze hili neno panorama, hili lililomo kwenye simu zetu, unafungua kamera unachagua panorama halafu unaigeuza simu polepole mpaka ishike upana wote wa pahala. Siku hizi wanalitumia kwa mengi, mandhari ya mtu aliesimama juu mlimani, maelezo ya jambo zima toka mwanzo mpaka mwisho, hata kwa daktari wa meno ile eksirei ya taya lote, mashine inakuzunguka kichwa, nayo wanaiita hivohivo.

Neno lenyewe si la zamani. Kulikuwa na mchoraji, Robert Barker, mzaliwa wa Ireland, akiishi Edinburgh kule Scotland, akauchora mji ule kama anavouona mtu aliesimama juu ya kilima cha Calton akajigeuza mpaka akarudi alipoanzia. Mwaka 1787 akasajili ugunduzi wake kwa jina refu la Kifaransa, halikushika, ndo miaka michache baadae likaja panorama, limeungwa kwa Kigiriki, pan ni vyote na horama ni kinachoonekana. 1793 akafungua jumba la duara London, pale Leicester Square. Unalipa, unapita ujia wa kiza, unapanda, unatokea katikati picha imekuzunguka, mwangaza unateremka kutoka juu, na ukingo wa juu na wa chini wa turubali umefichwa ili jicho lisijue picha inaishia wapi. Watu walimiminika. Jumba hilo mwisho wake likaja likageuzwa kanisa.

Mimi nilipolijua hili moyo wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye Suratul Ghashiya, sura ambayo Mtume (SAW) akiisoma Ijumaa na sisi tunaisikia misikitini kwetu mara ngapi, rakaa ya pili, tunaitikia amin tunatoka tunavaa viatu. Afalaa yandhuruuna. Je hawatizami? Ngamia alivyoumbwa, na mbingu zilivyoinuliwa, na milima ilivyosimamishwa, na ardhi ilivyotandazwa. Ibn Kathir katika tafsiri yake anaeleza kwamba bedui anaambiwa aangalie alichokipanda, kisha kilicho juu ya kichwa chake, kisha kilicho mbele yake, kisha kilicho chini yake. Hebu fikirini, aya nne fupi na mtu keshazungushwa jicho pande zote, hakulipa kiingilio, hakujengewa jumba. Na hii mandhari tunayoisema sisi kila siku asili yake ni kulekule kwenye yandhuruuna, na kwa Waarabu nadhari ni kuangalia na ni kufikiri pia, haviachani.

Sasa sisi Wapemba hatuna ngamia wala mlima mrefu lakini tumepewa yetu. Ukipanda mnara wa taa wa Kigomasha, ngazi zake nyembamba mpaka unaona tabu, ukitokea juu upande una msitu wa Ngezi, upande una ufuo wa Vumawimbi na mchanga wake mweupe, na huku mkondo wa Pemba maji ya buluu iliyokoza. Subhanallah, Waarabu hawakukosea kukiita kisiwa hichi cha kijani, Al Jazirat al Khadhraa. Niliwaona vijana pale juu wanapiga hiyo panorama, mmoja akajisogeza kabla simu haijamaliza, picha ikatoka hana mkono, wakacheka, wakapiga nyengine, wakashuka. Sikatazi picha, lakini iliniuma kwamba bahari ile hawakuitizama hata kidogo kwa macho yao matupu.

Na mtu hata apande juu vipi ni lazima ajigeuze, anachokiona mbele kinamfichia cha nyuma. Allah hajigeuzi. Laa tudrikuhul abswaar, macho hayamfikii na Yeye anayafikia macho yote, Suratul An'am aya ya 103. Ndo maana mimi naogopa sana tunapokaa barazani kumuhukumu mtu, tumemuona upande mmoja tu wa maisha yake, na wa pili anaujua Mola wake.

Ombi langu kwa walimu wa madrasa za Konde na jirani zake, siku ya mapumziko wapelekeni watoto Kigomasha, simu zikae mifukoni, wazisome hizo aya nne hukohuko juu kwa zamu, kila aya na upande wake, halafu muwaulize wameona nini.