Ziwa lilipofungwa

Mimi ni mtu wa dagaa. Mitumbwi ikiingia Kibirizi, hapa Kigoma, alfajiri inanikuta nimeshasimama ufukweni na ndoo zangu. Nanunua, naanika, najaza viroba, napakia kwenda Kahama. Miaka 19 sasa. Harufu yake mimi siisikii tena. Mke wangu, Mama Riziki, yeye alikuwa anaisikia, nikiingia ndani ananiambia, "Karibu, ada ya shule."

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Tulilalamika sote, na mimi zaidi ya wenzangu, kwa kuwa titi la mke wangu lilishakatwa mwezi Machi kwa saratani na dripu ya kwanza ya kemo, dawa za kuua saratani, ilikuwa Mwanza tarehe 20 Mei. Hela nitatoa wapi? Ila lazima niseme ukweli: ziwa lisingefungwa, ningemfikisha hospitali, nikakimbilia mzigo, kumuuguza nikamwachia mdogo wake. Najijua.

Basi linatoka Kigoma giza bado. Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Geita, halafu kivuko cha Busisi, maana daraja lilikuwa bado linajengwa. Walimlaza kwa sababu tulitoka mbali. Wodi ya wanawake mwanaume halali, kwa hiyo shemeji akawa wa usiku, mimi wa mchana.

Dawa yenyewe ni nyekundu, kama juisi ya rozela. Sista haiachii hivi hivi. Aliisukuma kwa bomba polepole, macho kwenye mshipa, akamwambia, "Mama, ukisikia kuwaka mkononi sema hapo hapo," kwa kuwa ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Akatuambia pia mkojo wa siku hiyo utakuwa mwekundu. Tulioambiwa ni mimi na mgonjwa, shemeji alikuwa ameenda kununua maji. Saa saba usiku simu inaita, analia: dada anakojoa damu!

Asubuhi nikaingia wodini na koti langu, lile la alfajiri za Kibirizi. Sijafika hata kitandani, akajifunika khanga usoni. Akatapika. Nikasogea kumshika, akatapika zaidi. Kisha akanyoosha mkono, kiganja wazi, kama trafiki anayesimamisha gari.

"Baba Riziki, toka. Ni wewe."

Nikakaa benchi la nje, mtu mzima wa miaka 46, najinusa kwapa. Kulikuwa na mama mmoja anamuuguza binti yake, akaniuliza kazi yangu ni nini. Nilipomjibu alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akanipeleka kununua sabuni ya mche na shati la mtumba. Koti nililiacha kwa mlinzi wa gesti, sikulirudia.

Mama yule ndiye aliyenifundisha kazi. Chakula kipoe kwanza, cha moto kinatoa harufu. Kijiko cha chuma weka pembeni, tumia cha plastiki, maana mdomo wao tayari una ladha ya chuma. Kidogo kidogo, usimjazie sahani ukamtisha. Uji wa ulezi uliopoa, wenye limau, ukapita. Viazi vitamu vya jana vikapita. Mawese, ambayo sisi Kigoma bila hayo tunaona hatujala, hayakusogea karibu kwa miezi yote ile.

Nywele zilianza kubaki kwenye mto kabla ya dripu ya pili. Alimwita kijana wa jirani mwenye mashine, dakika 5 zikaisha. Mimi nilikuwa uani, nikabaki uani.

Kilichotutesa kweli ni siku ya kumi baada ya dripu ya tatu. Tulikuwa nyumbani, Mwanga ya hapa Kigoma. Tulishaonywa kwamba siku hizo chembe nyeupe za damu zinashuka sana, joto likifika 38 tusisubiri kukuche, na tusilishushe kwanza kwa panadoli nyumbani. Kipimajoto kikasoma 38.6, saa nne usiku. Bajaji, hospitali, akachomwa sindano za antibiotiki kwenye kanula na kulazwa siku 6.

Sasa kwetu mgonjwa akilazwa watu wanakuja. Wanakuja kweli. Na daktari amesema watu wachache, mwenye mafua asiingie. Kwa hiyo mlinzi wa mlango nikawa mimi. Shangazi yake alipanda gari kutoka Kasulu na kuku mkononi, na kamasi puani. Nilimpigia magoti: shangazi, salamu nitafikisha, kuku nampokea, ndani hapana.

"Mkwe, mwanangu umemficha? Amekufa?"

Nikamzungusha mpaka dirishani. Wakapungiana mikono, wote wawili wanalia, na mimi katikati nimeshika kuku. Shangazi hajanisamehe hadi leo. Tukikutana msibani ananipa mkono huku anaangalia pembeni. Ndugu wengine wakasema nimekuwa mzungu. Wacha waseme.

Chembe zilichelewa kupanda, dripu ya nne ikasogezwa wiki moja, hadi 29 Julai. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya dawa nyekundu. Kulikuwa na nyingine mara 4 mbele yetu, ambayo tuliambiwa haichafui tumbo kama hii ila viungo vitauma. Viliuma.

Ziwa likafunguliwa. Mzigo wangu wa kwanza nilirudi nao nikiwa nimeshajipanga: nguo nikavua uani, nikaoga kwa sabuni ya mche mara mbili, ndoo ya dagaa nikaiacha kwa jirani. Nikaingia ndani taratibu, nikakaa kiti cha mlangoni, upande ambao upepo haumfikii.

"Za kwetu ziko wapi?"

Nikamwambia nimeziacha kwa Mama Zawadi.

"Kachukue."

Nilikaanga kidogo tu, nje, kwa mafuta ya alizeti, nikaziacha zipoe. Alikula tatu kwa mkono, akatafuna taratibu, ya nne akaigeuza geuza akairudisha sahanini. Akaniuliza kama pilipili imeisha.