Kuvuna maji ya mvua Goba: vihatarishi kwanza, zege baadaye

Kabla masika hayajaingia nataka tanki la lita 5,000 liwe limeshakaa juu ya kitako chake, gata zimefungwa na bomba limefika jikoni. Hela iliyobaki haitoshi kufanya yote kwa ubora ninaoutaka, kwa hiyo safari hii hakuna aliyeshika koleo. Nimekaa na fundi barazani tukachora jedwali la vihatarishi nyuma ya karatasi ya makadirio ya saruji.

Jedwali lenyewe jepesi. Upande mmoja uwezekano wa jambo kutokea, 1 hadi 5. Upande wa pili athari likishatokea, 1 hadi 5 vilevile. Unazidisha, unapata alama kati ya 1 na 25, unapaka kijani, njano au nyekundu. Kazi ipo kwenye kukubaliana namba, maana tatu yangu na tatu ya fundi si lazima zilingane. Tukaandikiana kabisa: athari 1 ni usumbufu wa siku moja, 3 ni kununua vifaa upya, 5 ni mtu kuumia au tanki kwenda na maji.

Fundi kuchelewa nilitaka niweke uwezekano 3, kwa heshima tu. Akacheka. “Bosi, hapo weka tano, mimi najijua. Nina saiti Madale na nyingine Tegeta.” Athari tukaipa 2, kwani akichelewa kazi inasogea mbele lakini haiharibiki. Jumla 10. Tukaja kwenye kitako kutitia: uwezekano 2, athari 5. Nayo 10.

Yaani kwa hesabu hiyo, fundi kukwama Tegeta na tani tano za maji kuangukia ukuta wa jirani ni mamoja! Namba hizi zinapanga tu kipi kiko juu ya kipi. 4 si mara mbili ya 2 kama kilo za mchele zilivyo. Mtafiti Louis Anthony Cox alionyesha udhaifu huu kwa hesabu mwaka 2008: jedwali linaweza kuvipa alama sawa vihatarishi vilivyopishana mno kwa ukubwa. Silitupi kwa sababu hiyo, ila tumeongeza sharti letu: chochote chenye athari 5 kinapanda juu ya orodha hata kama alama yake ni ndogo.

Ndiyo maana kitako kimechukua fungu kubwa. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kiwanja chetu kiko mteremkoni. Kinachonitia wasiwasi kuliko uzito ni maji yanayofurika tanki likijaa: yakimwagikia chini ya kitako yatakula udongo polepole. Bomba la kufurikia litapelekwa mpaka mtaroni. Tukishaweka tanki tutalijaza robo kwanza, tuweke pima maji kwenye kingo za zege, ndipo tuongeze.

Mke wangu alipoleta chai akauliza mbu wameandikwa mstari wa ngapi. Hawakuwepo. Dar ilipata milipuko ya dengi 2014 na 2019, na mbu wake hutaga kwenye maji yaliyotulia ndani ya vyombo kama tanki letu, kisha huuma mchana, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Uwezekano 4, athari 4: jumla 16, alama ya juu kuliko zote. Na dawa yake ndiyo rahisi kuliko zote, kipande cha neti ya dirisha kwenye kila tundu na mpira wa kukibana. Kwa hiyo tumeongeza safu ya gharama ya kinga. Cha bei ndogo kinachoshusha alama nyingi kinafanywa kwanza, hakisubiri zamu.

Kunguru wamepata 12. Bati letu wamelifanya kijiwe, na mvua ya kwanza huteremsha kila walichoacha. Paa lina mita za mraba 80; nikimwaga nusu lita ya kwanza kwa kila mita ya mraba ni lita 40. Bomba la inchi 4 hubeba kama lita 8 kwa mita moja, kwa hiyo la kuzishika lita hizo lingebidi liwe na urefu wa mita tano. Tutatumia pipa dogo kupokea maji hayo machafu.

Bei ya saruji kupanda na koki kuibiwa viko kijani, sina la kusema.

Safu ya mwisho ni ya mhusika. Neti kaichukua mke wangu, pima maji ni mimi. Mbele ya “fundi kuchelewa” fundi kaandika jina langu, akidai kianzio kikikamilika hata Tegeta haitamwona.