Niliacha ofisi ya Posta, nikahamia Chanika

Ndugu zangu bado wananiuliza kama sijutii kuacha kazi. Sijutii hata kidogo. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri niwahi daladala, narudi watoto wamelala, na mshahara unaishia kwenye nauli, kodi ya nyumba na deni la dukani.

Hapa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kinachonifurahisha kuliko vyote ni maji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati langu ni mita 90 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inanipa karibu lita 1,800, ukitoa kidogo yanayomwagika. Maji ya mwanzo nayaacha yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo nageuza bomba liingie kwenye simtanki.

Mchicha uko tayari ndani ya wiki tatu au nne. Mbolea ya kuku lazima ioze kwanza. Mbichi inaunguza miche.

Kuku nao wana adui mmoja mkubwa: kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku wengi kwa haraka. Kila baada ya miezi mitatu tunawachanja jioni wakiwa bandani. Mke wangu anamshika, mimi nadondosha tone moja jichoni, tunangoja apepese, tunamwachia. Anayeruka chanjo asishangae banda likibaki tupu.

Unga, mafuta na ada bado tunanunua, kwa pesa ya mayai. Wiki hii nachimba mashimo ya migomba nyuma ya bafu, maji ya kuogea yasipotee bure.