Kuondoka na yoti si kazi, kazi ni kufika

Watu wakiniuliza nilijifunzaje unahodha wa yoti wanataka niwasimulie habari za matanga. Jamani matanga si kitu. Kupandisha, kuvuta demani (kamba ya kulikaza tanga), kubisha, yaani kupanda upepo kwa zigizaga, ukipata mwalimu mpole anayejua kunyamaza vitakukaa mkononi mapema tu. Kozi ilikula hela kuliko nilivyopanga, maana ukishalipa kuna koti, buti, dira ya mkononi, ukija kushtuka mfuko mweupe.

Kilichonikera ni washauri wa gatini. Jamaa mmoja aliniambia chora mstari kwenye GPS, ufuate, basi. Haya, mstari wa maili 20 na boti inakwenda maili 5 kwa saa, GPS inakwambia ni mwendo wa saa 4. Upepo ukiwa wa omo, yaani unatoka mbele ya boti, je? Hapo unabisha, nyuzi 45 huku, nyuzi 45 kule, maili 20 zinakuwa 28 na ushee, saa 4 zinakaribia 6, bado hujahesabu kusukumwa kando. Na saa 6 ndo kama muda wa maji kutoka kupwa hadi kujaa, kwa hiyo mkondo uliokuwa unakubeba asubuhi unakuta umekugeukia.

Safari yangu ya kwanza kama nahodha huyo jamaa alikuwemo. Tukafika kwenye rasi, mkondo unatusukuma, upepo unatupiga usoni, jamaa anasema songa mbele, maji yako upande wetu. Sasa hilo si ndo tatizo lenyewe! Mkondo ukienda kinyume na upepo mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama wima, boti inapanda, inaanguka, mwendo unakufa. Nikageuza tukarudi tulikotoka, amenuna mpaka usiku na mi sijali. Kesho yake nikapiga hesabu tufike pale rasini mkondo ukiwa umesimama, upepo uleule, tukapita aliyelala chini hata hakuamka. Ila soma jedwali la mikondo, sio la kina cha maji peke yake, maana sehemu nyingi mkondo haugeuki saa ileile maji yanapomaliza kujaa.

Sasa kufunga gatini. Huku ndo watu huacha vyombo vyao wakaja kukutazama. Ushauri niliopewa ulikuwa ingia na mwendo, ukifika piga rivasi kwa nguvu, boti itatii. Nikafanya hivyohivyo. Boti ilisimama kweli, lakini nyuma ikaenda zake kushoto peke yake, omo ikaelekea kwenye boti ya watu, mwenyewe katoka na suruali ya kulalia na fimbo mkononi, anatusukuma huku anatoa maneno ambayo siyaandiki. Kumbe propela ikirudi nyuma inavuta tezi, yaani nyuma ya boti, upande mmoja, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Dawa yake ni hii: ukiwa bado umefungwa, tia rivasi kidogo tu, chungulia ubavuni. Povu likitoka kulia, tezi yako inapenda kushoto. Basi ukiwa na nafasi ya kuchagua, funga kwa ubavu wa kushoto, ukipiga rivasi nyuma inajisogeza gatini yenyewe, watu wanadhani wewe fundi.

Na upepo ukiwa unakutoa gatini, usihangaike na kamba ya mbele, ukiifunga hiyo kwanza tezi inafunguka kama mlango. Chukua kamba ya katikati ya boti, iwahishe kwenye nguzo ya gatini iliyo nyuma yako, ifunge fupi. Kisha gia ya mbele, polepole kabisa, usukani geuza kama unataka kuondoka gatini. Boti haina pa kwenda, kamba imeishika, inajibana ubavu mzima na kutulia hapo injini ikiguruma, unashuka unafunga kamba nyingine taratibu. Mara ya kwanza nimefanya hivyo na wenzangu wawili tu wasiojua fundo hata moja, nilitamani yule wa suruali ya kulalia awepo.

Upepo ukizidi, tanga lipunguze pale wazo linapokujia, sio boti ikishalala ndo muanze kutambaa juu huko. Na meli kubwa usikae kubishana kama inakuja kwako au la: ipime kwa dira ya mkononi, subiri kidogo, pima tena. Namba ikibaki ileile na meli inazidi kukua, mnakwenda kugongana. Sheria inaweza kukupa haki ya njia kwa sababu una tanga, ila kama bado una nafasi mi nageuza mapema, na kona iwe kubwa ya kuonekana kule juu kwenye daraja lao, wanapoongozea meli, sio nyuzi 5 ambazo hakuna atakayezigundua.