Jina la mwisho kwenye daftari

Jana mwanangu kafukua boksi la makaratasi yangu ya zamani, katoka na daftari langu la mahudhurio (la kwangu mwenyewe, lile rasmi lilibaki ofisini). Akaweka kidole, "Baba, mbona huyu jina linaanza na A halafu yuko chini kabisa?"

Huyo alikuwa mwanafunzi wangu, yuko chini kwa sababu aliacha shule akarudi. Ukiacha shule jina linapigwa mstari, siku ukirudi wenzako wameshapangwa, unabandikwa mkiani baada ya Z.

Nilihangaika kumrudisha, mwaka na nusu yuko nje, barua, vikao, mkuu anakubali, mkuu anagoma. Mimi ninachokumbuka ni pale mlangoni. Tumefika, akainama kufunga kamba za kiatu. Akafunga. Akafungua, akafunga tena. Wenzake aliowaacha walishapanda darasa, waliobaki mle ndani ni wadogo kwake, na yeye ndevu ndo hizo zinachungulia. Nami na kiherehere changu nikamshika bega nikamsimamisha mbele nikaanza hotuba, mwenzenu huyu jasiri, kapitia mengi, hebu mpigieni makofi. Wakapiga. Yeye anaangalia viatu.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa pia.

Nikamfuata, nimejiandaa na maneno yangu ya kutia moyo, hata sikuyafikisha. "Mwalimu, usiniombee makofi. We niite jina tu kama wengine, niseme nipo, nikae."

Alhamisi akaja. Nikaita majina mpaka mkiani, nikaita lake bila kuinua macho. "Nipo." Sauti nzito ya kiume, kuna kamoja kakacheka, nikapita kama sijasikia, na kwa mtu kama mimi hiyo sio kazi ndogo.

Baada ya hapo hotuba basi. Akikosa namuulizia siku hiyohiyo, maana pengo la siku moja ni aibu tu, likifika wiki limeshakuwa ukuta. Hesabu za sehemu zilizompita tukawa tunazifanya jioni, wawili tu, hatumwambii mtu.

Tumehesabu na mwanangu, muhula ule ana mapengo 11. Baada ya kila pengo kuna vema, kasoro lile la mwisho, hapo ndo nilihamishwa.

"Kwa hiyo alimaliza?"

Nikamwambia lete hilo daftari nilirudishe kwenye boksi.