Siku moja maishani mwangu: wakili wa wadaiwa, Dar es Salaam

Saa kumi na moja alfajiri simu iliniamsha. Alikuwa mzee mmoja, fundi cherehani wa Mbagala, ambaye nimekuwa nikimsimamia tangu mwezi uliopita. Sauti yake ilionyesha kwamba hakulala. Aliniuliza kama aje na begi la nguo, kwa kuwa jirani yake alimhakikishia kwamba mwenye deni akiitwa mahakamani haondoki huko isipokuwa kwa karandinga. Nilimjibu, "Shikamoo mzee wangu. Begi liache nyumbani. Njoo na daftari lako la kazi."

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa ndani ya mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama, jalada lake nimelibana kifuani. Deni si lake kwa asili. Alimdhamini shemeji yake kwa mkopo, shemeji akahama mji, mkopeshaji akamshtaki mdhamini. Wito ulipomfikia, mzee aliukunja akauweka chini ya godoro, naye hakwenda. Hukumu ikatolewa ya upande mmoja, shilingi 4,600,000 pamoja na gharama. Karibu kila jalada ninalopokea lina godoro la namna hii, na ndilo jambo linaloniumiza zaidi katika kazi hii: watu wanaikimbia mahakama ileile ambayo ingewasikiliza.

Saa tatu asubuhi tulikuwa mahakamani Kisutu, tumeketi kwenye benchi la nje. Mkopeshaji alikuwa ameomba mzee akamatwe na kuwekwa gerezani kama mfungwa wa madai. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inaruhusu jambo hilo kwa muda usiozidi miezi 6, na mdai ndiye anayelipia posho ya kumlisha mfungwa wake. Hata hivyo kifungo hicho hakifuti deni, kwa hiyo mtu hutoka akiwa bado anadaiwa, na miezi yote hiyo cherehani yake imelala. Ndiyo maana Amri ya 21 ya sheria hiyohiyo inaitaka mahakama imtazame mdaiwa kwanza. Ikiridhika kwamba ameshindwa kulipa kwa sababu ya umaskini au sababu nyingine ya kutosha, inaweza kulikataa ombi la kumfunga; lakini ikiona kwamba ameficha mali, ameihamisha kwa hila, au anao uwezo na hataki tu kulipa, huruma hiyo haipati.

Tuliitwa saa nne na robo. Wakili wa mdai alieleza kwamba mzee anamiliki nyumba na cherehani mbili, na kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kujiita maskini. Nilijibu kwamba nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake imo katika orodha ya mali zisizokamatwa, maadamu hakuiweka rehani, na kwamba vifaa vya fundi vimo katika orodha hiyohiyo pamoja na vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko. Kisha mheshimiwa hakimu akaliomba daftari. Ni daftari la shule la kurasa 96, jalada lake limeng'oka na kushonwa upya kwa uzi wa bluu. Alilifungua taratibu, akasoma kwa sauti: "Suruali mbili, kupunguza. Sare ya shule, moja. Zipu." Akageuza ukurasa, akamuuliza mzee mwenyewe, si mimi, kwa nini wiki tatu za mwezi Aprili hazina kitu. Mzee alisimama akajibu, "Mvua, mheshimiwa. Maji yaliingia kibandani." Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikilizwa tangu deni hili lianze, nami nilimwona akinyoosha mgongo.

Ombi la kumfunga lilikataliwa, kwa sharti kwamba alipe shilingi 100,000 kila mwezi. Tuliandika tarehe ya kwanza nyuma ya wito uleule.

Saa saba mchana, ofisini Ilala, nilimkuta mwalimu wa shule ya msingi akinisubiri. Kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri anayo mkopeshaji wa mtaani, ambaye hutoa mshahara kila mwisho wa mwezi na kumwachia nauli. Hii ndiyo kausha damu yenyewe, mikopo ya mtaani inayomnyonya mkopaji. Nilimwagiza aende benki siku hiyohiyo kuifunga kadi ile, kisha tuchunguze kama mkopeshaji ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Ndugu yake aliyeko Marekani alimshauri atangaze kufilisika na aanze upya. Nilimweleza kwamba huko mtu wa kawaida anaweza kufutiwa madeni mengi chini ya Sura ya 7 ya sheria yao ya kufilisika, au kulipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5 chini ya Sura ya 13, halafu salio la madeni mengi likafutwa.

Sisi pia tunayo Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, na mdaiwa anaweza kupeleka ombi lake mwenyewe Mahakama Kuu. Mali yake huwekwa chini ya usimamizi rasmi, kazi ambayo hapa hufanywa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wadai hugawana kilichopo, na mdaiwa huhojiwa hadharani. Amri hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na hadi mahakama imwachilie hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila idhini yake. Njia hiyo imejengwa kwa mfanyabiashara mwenye mali ya kugawanywa. Kwa mwalimu anayedaiwa milioni tatu, wakili na ada vingekaribia deni lenyewe, na katika kazi yangu sijawahi kumfungulia mdaiwa mdogo ombi la aina hiyo. Naamini kwa dhati kwamba tunahitaji utaratibu mfupi na wa bei nafuu, karibu na Mahakama ya Wilaya, kwa watu kama yeye.

Alasiri ilikwisha kwa barua na simu.

Saa moja jioni, nikiwa nimeshuka Kimara, mzee alipiga tena. Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa ikinguruma. Mkopeshaji alikuwa amemwambia apeleke fedha mkononi, wamalizane kirafiki. Nilimsihi asikubali bila maandishi, kwa sababu malipo ya nje ya mahakama yasiyothibitishwa mahakamani hayatambuliwi wakati wa kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, na anaweza kudaiwa fedha ileile mara ya pili.

"Kwa hiyo nidai risiti, binti yangu?"

"Dai risiti, mzee wangu, kisha uniletee niipeleke Kisutu ikaingizwe kwenye jalada."

Akaniomba nisubiri kidogo, akatafute kalamu aliandike hilo katika daftari.